Kipande kilichobaki maabara ni mali ya nani?

Na Mwandishi Wetu

SHELA, Lamu

KATIKA baraza moja la kijiji cha Shela, hatua chache kutoka mahali mashua za kutoka Lamu mjini hutia nanga, mama mmoja mwenye umri wa kunizaa aliniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake. Miaka kadhaa iliyopita alisafiri hadi Mombasa, akakatwa uvimbe kifuani, akatibiwa na kurejea kwao salama. Jeraha limepona na wajukuu wamemzunguka. Hata hivyo, jambo moja halijamtoka akilini.

“Mwanangu,” aliniambia, “kile kinyama walichonitoa walikipeleka wapi?”

Nilimjibu kwamba kilipelekwa maabara kupimwa. Akatikisa kichwa. Hilo alilijua. Alichotaka kufahamu ni kilikokwenda baada ya kupimwa. Ikiwa kilizikwa, nani alikizika? Ikiwa kingali kipo, kiko mikononi mwa nani, na kinafanyiwa nini?

Kwa Mwislamu wa mwambao, swali hilo halina mzaha. Mwili wa binadamu una heshima yake, na kiungo kilichokatwa hustahili kusitiriwa ardhini. Lakini swali la mama huyu linavuka mipaka ya dini na ya kijiji. Ndilo linalowashughulisha wanasheria, madaktari na watafiti wa saratani duniani kote, na kwa sura nyingine ndilo lililofikishwa mbele ya Mahakama Kuu jijini Nairobi mnamo Desemba 2025.

Itakumbukwa kwamba tarehe 4 mwezi huo, serikali za Kenya na Marekani zilitia saini jijini Washington mkataba wa ushirikiano wa afya wa miaka mitano, wenye thamani ya takriban dola bilioni 2.5. Siku chache baadaye, kufuatia malalamiko yaliyowasilishwa na watetezi wa haki za watumiaji wa bidhaa na huduma, mahakama ilitoa agizo la muda la kusimamisha sehemu ya mkataba iliyohusu kuhamisha na kugawana data za afya za Wakenya. Serikali ilishikilia kwamba sheria za nchi zingezingatiwa. Walalamishi walishikilia kwamba siri ya mgonjwa ikishavuka bahari hairudishiki.

Mkataba ule haukuwa wa saratani hasa. Hata hivyo, uliwafanya Wakenya wengi kwa mara ya kwanza kujiuliza kwa sauti kile ambacho mama wa Shela alikuwa akijiuliza kimyakimya: tunapoingia hospitalini, tunaacha nini nyuma yetu, na nani anakitumia?

Safari ya kipande

Yafaa kwanza kueleza kinachotokea. Mgonjwa anapokatwa uvimbe, kipande huloweshwa katika dawa ya formalini ili kisioze. Kisha hukaushwa maji na kuzamishwa ndani ya nta iliyoyeyushwa. Nta hiyo ikipoa, huwa kibonge kidogo kinachotoshea kiganjani. Fundi wa maabara hukikata kibonge hicho kwa wembe maalumu, vipande vyembamba kuliko karatasi, akavitandaza juu ya vioo na kuvitia rangi. Mtaalamu wa patholojia huvitazama kwa hadubini, kisha huandika iwapo ni saratani au si saratani, ni ya aina gani na imeenea kiasi gani.

Ripoti humrudia daktari. Kibonge cha nta hubaki maabara. Hutiwa namba na kupangwa rafuni pamoja na vibonge vingine vingi, na huweza kukaa huko miaka na miaka. Kipo kwa sababu ya maana. Ugonjwa ukirudi, daktari huweza kulinganisha uvimbe mpya na wa zamani. Dawa mpya ikipatikana, kipimo kipya huweza kufanywa bila mgonjwa kukatwa tena.

Lakini kibonge hicho kina thamani nyingine. Ndani yake mna DNA, maandishi ya urithi wa mgonjwa na ya uvimbe wake, ambayo mitambo ya leo huweza kuyasoma hata baada ya miongo. Kikiambatanishwa na faili la mgonjwa, yaani umri wake, makazi yake, mazoea yake, dawa alizopewa na iwapo alipona au alifariki, kibonge hugeuka kuwa hazina kwa mtafiti. Vibonge 1,000 vyenye mafaili 1,000 huweza kufichua kile ambacho daktari mmoja hawezi kukiona katika maisha yake yote ya kazi.

Kwa hivyo mama wa Shela hakukosea kushuku kwamba hadithi ya kinyama chake haikuisha siku aliposhonwa. Suala ni iwapo kuna mtu aliyemweleza.

Ukungu wa London

Afrika Mashariki si mgeni katika jambo hili. Mojawapo ya uvumbuzi mkubwa wa saratani katika karne iliyopita ulitokana na vipande vya uvimbe wa watoto wa eneo hili.

Mnamo 1958, Denis Burkitt, daktari wa upasuaji katika Hospitali ya Mulago jijini Kampala, alichapisha maelezo ya uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto kwa kasi ya kutisha. Mwaka wa 1961 alifunga safari ya wiki 10 kwa gari, akiwa na wenzake wawili, kutoka Uganda hadi kusini mwa Afrika, akiuliza hospitali baada ya hospitali ni wapi ugonjwa huo ulionekana. Aligundua kwamba ulifuata maeneo ya joto na mvua, maeneo yaleyale ya malaria. Pwani ya Kenya na ukanda wa Ziwa Viktoria vimo katika maeneo hayo.

Mwaka huohuo, akiwa London, Burkitt alitoa mhadhara uliohudhuriwa na mtafiti kijana, Anthony Epstein. Wakakubaliana kwamba vipande vya uvimbe vitumwe kwa ndege kutoka Kampala. Kwa takriban miaka miwili Epstein hakupata kitu. Kisha, mnamo Desemba 1963, ndege iliyobeba kipande kimoja ilizuiwa na ukungu kutua London ikaelekezwa Manchester. Kipande kilipofika kimechelewa, maji yake yalikuwa yamechafuka. Wengine wangeyamwaga wakidhani yameingia bakteria. Epstein aliyatazama kwa hadubini akaona seli za uvimbe zikielea, zingali hai. Kutokana na seli hizo, Epstein pamoja na wenzake Bert Achong na Yvonne Barr walikionyesha ulimwengu, mwaka wa 1964, kirusi cha kwanza kujulikana kuhusika na saratani ya binadamu. Kirusi hicho huitwa Epstein-Barr hadi leo.

Jina la Epstein limo katika vitabu. Jina la Barr limo. Mtoto ambaye kipande chake kilivuka ukungu hamo, na wazazi wake hawamo.

Miaka michache baadaye ilikuwa zamu ya Kenya. Peter Clifford, daktari wa upasuaji katika Hospitali Kuu ya Kenyatta, alishirikiana na watafiti Eva na George Klein wa Taasisi ya Karolinska nchini Uswidi. Mnamo 1967, kutokana na uvimbe wa kijana wa miaka 16 aliyeugua saratani hiyo ya Burkitt, zilipatikana seli ambazo ziliendelea kuzaana maabara bila kikomo. Zilipewa jina Daudi.

Seli za Daudi zingali hai. Zimo katika orodha za maghala ya seli ya Marekani na Ulaya, na maabara yoyote yenye kibali na fedha huweza kuziagiza. Zimetumiwa kuchunguza kinga ya mwili, na pia katika kujaribu dawa za kingamwili zinazotibu saratani za damu. Seli nyingine za wakati uleule, zilizotokana na uvimbe wa mtoto Mwafrika na kuitwa Namalwa, zilikuzwa na kampuni ya Wellcome ya Uingereza katika matangi ya maelfu ya lita ili kutengeneza dawa ya interferoni.

Msomaji asije akadhani kwamba madaktari wale walikuwa wezi. Burkitt na Clifford walihangaikia kuwaponya watoto hao, na kwa dawa walizojaribu baadhi yao walipona katika zama ambazo ugonjwa huo ulihesabiwa hukumu ya kifo. Aidha, kanuni za kuomba ridhaa kama tunavyozijua leo zilikuwa changa. Azimio la Helsinki, linaloongoza madaktari katika utafiti juu ya binadamu, lilipitishwa 1964, na ilibidi kungoja hadi 2000 ndipo likataja waziwazi tishu na taarifa zinazoweza kumtambulisha mtu.

Hata hivyo, wema wa daktari haujibu swali la haki. Mtu huweza kukutendea mema na bado akachukua chako bila kukuuliza.

Damu iliyosubiri

Kuna mfano mwingine, ambao wanaopinga uhifadhi wa sampuli wanapaswa kuutafakari. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilikusanya damu ya watoto wapatao 42,000 katika wilaya ya West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Damu ilihifadhiwa kwenye barafu. Watafiti wakasubiri.

Katika miaka iliyofuata, watoto wachache miongoni mwao walipatwa na uvimbe wa Burkitt. Ripoti iliyochapishwa 1978 ilihusu watoto 14. Watafiti walirudi ghalani, wakatoa damu ya watoto hao iliyotolewa wakiwa wazima, wakaipima. Ilionekana kwamba wengi wao walikuwa na viwango vya juu vya kingamwili za kirusi cha Epstein-Barr hata kabla ya kuugua. Hivyo kirusi kilitangulia ugonjwa, na si kwamba ugonjwa ulikialika.

Hakuna njia nyingine ambayo ingetoa jibu hilo. Mtoto akishaugua, damu yake ya jana haipatikani tena, isipokuwa mtu awe aliihifadhi. Hiyo ndiyo hoja kuu ya ghala la sampuli, na ni hoja nzito.

Waliodai haki yao

Upande wa pili wa mizani una simulizi zake. Henrietta Lacks, Mmarekani mweusi, alifariki mwaka wa 1951 kwa saratani ya mlango wa kizazi katika Hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore. Seli zake zilichukuliwa bila yeye kuulizwa, zikawa za kwanza za binadamu kuzaana maabara bila kufa, zikasaidia utafiti wa chanjo ya polio na mengi mengine. Familia yake haikufahamu kwa zaidi ya miaka 20, hali wengine walikuwa wakiziuza. Ni mnamo Agosti 2023 tu, miaka 72 baada ya kifo chake, ndipo warithi wake walipofikia maafikiano nje ya mahakama na kampuni ya Thermo Fisher Scientific.

Simulizi iliyo karibu zaidi na Shela ni ya Wahavasupai, kabila dogo la wenyeji asilia wanaoishi bondeni Arizona. Kuanzia 1990, walitoa damu kwa watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, wakiamini kwamba ni kwa ajili ya kisukari kilichokuwa kikiwamaliza. Baadaye waligundua kwamba damu hiyo ilitumiwa pia kuchunguza maradhi ya akili na asili ya kabila lao, mambo ambayo wasingeyakubali. Walishtaki. Mnamo 2010 chuo kilikubali kulipa dola 700,000 kwa wanakabila 41, na damu ikarudishwa kwao.

Wahavasupai hawakukataa utafiti. Walikataa kugeuziwa maneno. Waliombwa kwa jambo moja, wakatumiwa kwa jambo jingine.

Wakazi wa Shela wana mfano wao wenyewe. Majumba ya matumbawe yaliyokuwa magofu yaliuzwa kwa wageni miaka iliyopita kwa bei ambayo muuzaji aliiona nzuri. Leo baadhi ya majumba hayo yana thamani ambayo mjukuu wa muuzaji hawezi hata kuiota. Muuzaji hakuibiwa, kwani alitia saini. Lakini je, alijua anachouza? Ridhaa ya mtu asiyejua thamani ya kitu ni ridhaa nusu.

Sheria zinasemaje

Kenya haikosi sheria. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinalinda faragha ya kila mtu. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mhudumu kumweleza mgonjwa hali yake na kupata ridhaa yake, na inaamuru siri za mgonjwa zihifadhiwe. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti, na ilianzisha afisi ya Kamishna wa Kulinda Data, iliyopata kamishna wake wa kwanza Novemba 2020. Mnamo 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Afya ya Kidijitali. Aidha, utafiti wowote huhitaji idhini ya kamati ya maadili na leseni ya Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi.

Mianya ingalipo. Sheria ya 2019 inaruhusu taarifa zilizokusanywa kwa kusudi moja kutumiwa baadaye kwa utafiti, mradi zisichapishwe kwa namna inayomtambulisha mhusika. Ruhusa hiyo ina busara yake. Mtafiti anayetaka kuchunguza vibonge vya miaka 20 hawezi kumtafuta kila mgonjwa, kwani wengine wamehama na wengi wamefariki. Akiruhusiwa kutumia vya wale tu waliopatikana, matokeo yake yatawahusu walionusurika pekee, na yatapotosha.

Lakini ruhusa hiyo inategemea dhana moja: kwamba jina likiondolewa, mtu hatambulikani. Dhana hiyo huenda ikafaa Nairobi. Katika Shela haifai.

Jaribu, msomaji. Ondoa jina, uache umri, jinsia, kijiji, aina ya saratani na mwaka wa upasuaji. Jijini, maelezo hayo huweza kuwa ya watu wengi. Katika Shela, mtoto wa chuoni atakuonyesha mlango wa nyumba. Kila mmoja alimwona mgonjwa akiteremshwa mashuani, kila mmoja alichangia nauli ya Mombasa, na kila mmoja alisoma dua alipoondoka.

Isitoshe, DNA ya mtu mmoja ni habari ya ukoo mzima. Mtu akigunduliwa kuwa na kasoro katika jeni za BRCA1 au BRCA2, zinazoongeza hatari ya saratani ya matiti na ya ovari, habari hiyo inawahusu binti zake, dada zake na watoto wa dada zake. Katika jamii ambayo posa hutanguliwa na maulizo ya kina kuhusu nasaba, habari kama hiyo ikivuja inaweza kumfungia msichana mlango kabla hajajua kwa nini umefungwa. Ridhaa ya mgonjwa mmoja haimalizi jambo hilo.

Mumiani na ukweli

Tangu zamani mwambao huu umekuwa na hadithi za mumiani, watu wa usiku wanaosemekana kunyonya damu ya wanyonge na kuiuza. Wapo wataalamu wanaozicheka. Wasizicheke. Hadithi hizo zilinawiri katika zama za ukoloni, wakati mtu aliweza kutolewa damu bila kuambiwa ni ya nini. Kila mtafiti anayechukua bila kueleza humrudisha mumiani kijijini.

Uthibitisho kwamba inawezekana kufanya vinginevyo uko pwani hii hii. Katika kaunti ya Kilifi, kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust, kilichoanzishwa 1989, nacho kimekabiliwa na uvumi wa damu. Badala ya kuwapuuza wananchi, kilianzisha utaratibu wa wawakilishi wa kijamii wanaochaguliwa vijijini ili kuuliza, kulalamika na kushauri, na watafiti wake wamechapisha mengi juu ya namna ya kuomba ridhaa kwa lugha inayoeleweka. Hauwezi kusemwa kuwa utaratibu mkamilifu, lakini umeonyesha kwamba mwanakijiji akielezwa, huuliza maswali ya maana.

Lamu pia ina funzo lake. Mnamo Juni 2019, jopo la kitaifa la mizozo ya mazingira lilifuta leseni ya mradi wa kuzalisha umeme kwa makaa ya mawe katika kaunti hii, mojawapo ya sababu ikiwa ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Watu walioweza kudai kusikizwa juu ya hewa yao hawawezi kuambiwa kwamba utafiti juu ya miili yao ni mgumu mno kwao kuuelewa.

Hasara ya kukataa

Je, jawabu basi ni kukataa? La hasha. Kukataa nako kuna gharama, na anayelipa ni mgonjwa.

Kwa makadirio ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, mwaka wa 2022 Kenya ilipata wagonjwa wapya zaidi ya 44,000 wa saratani, na zaidi ya watu 29,000 walifariki kutokana nayo. Ni makadirio kwa sababu rekodi za kudumu za saratani zilizokomaa nchini ni chache, zikiwemo za Nairobi na Eldoret. Pwani hukadiriwa kwa kutazama kwa wengine.

Tazama Bonde la Ufa. Kwa miaka mingi watu wa Bomet na maeneo jirani waliona saratani ya koo la chakula ikiwaua hata vijana. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Moi, wakishirikiana na wenzao wa Moshi nchini Tanzania, wa Malawi na wa shirika hilo la kimataifa, waliwahoji wagonjwa na watu wazima wa afya na kukusanya sampuli. Miongoni mwa mambo yaliyoonekana kuandamana na ugonjwa ni pombe, tumbaku na unywaji wa vinywaji vya moto kupindukia. Mnamo 2021, uchunguzi wa DNA ya uvimbe 552 kutoka nchi nane, zikiwemo Kenya, Tanzania na Malawi, ulichapishwa. Haukupata alama moja ya kipekee katika DNA inayoeleza kwa nini ugonjwa umezidi huku, na hilo lenyewe ni jambo kubwa kujulikana, kwani linawaelekeza watafiti kutafuta kwingine. Bila vipande vya wagonjwa wetu, swali hilo lisingeulizwa kabisa.

Mwambao una maswali yake. Tambuu hutafunwa hapa vizazi na vizazi: jani, popoo, chokaa, na kwa wengi tumbaku. Mnamo 2004 shirika hilo la utafiti liliamua kwamba tambuu husababisha saratani ya kinywa hata bila tumbaku ndani yake. Je, ni wangapi Lamu, Mombasa na Malindi wamepoteza ulimi au taya kwa sababu hiyo? Jibu huenda limo katika vibonge vya nta vilivyokwisha kuwa rafuni. Aidha, dawa nyingi mpya zimejaribiwa zaidi kwa watu wenye asili ya Ulaya. Sisi tukikosekana katika maghala, tutanunua kwa bei ghali dawa ambazo hazikupimwa kwa miili yetu.

Kinachohitajika

Mtazamo wa mwandishi huyu ni kwamba kuna mambo matano yanayoweza kufanywa bila kungoja fedha za wafadhili.

La kwanza, fomu ya upasuaji itengwe na fomu ya utafiti. Mgonjwa aliyelala machela, anayeogopa kufa, hutia saini chochote anachopewa. Ombi la kuhifadhi kipande chake kwa utafiti lije siku nyingine, na aelezwe wazi kwamba akikataa, matibabu yake hayatapungua hata chembe.

La pili, fomu hiyo iandikwe kwa Kiswahili fasaha, isiwe tafsiri ya kubabaisha, na isomwe kwa sauti kwa asiyejua kusoma. Iseme kipande kitakaa wapi, kwa muda gani, kama kitaweza kuvuka mipaka, na kama kuna atakayepata faida ya fedha. Impe mgonjwa uchaguzi: saratani tu, utafiti wowote wa afya, au usitumike kabisa.

La tatu, katika vijiji vidogo kama Shela, jina la kijiji lisiandikwe katika data zinazotolewa kwa watafiti. Kaunti au mwambao yatosha. Kuondoa jina la mtu na kuacha la kijiji chake ni kufunga mlango na kuacha dirisha wazi.

La nne, kila sampuli inayosafirishwa nje iwe na mkataba unaotaja taasisi ya Kenya kuwa mshirika kamili, si mpelekaji tu. Watafiti wetu wafunzwe na majina yao yawe kwenye matokeo. Jirani zetu wa Uganda wamepiga hatua, kwani Chuo Kikuu cha Makerere kiliweza kuanzisha ghala la sampuli lililohudumia watafiti wa bara zima chini ya mpango wa H3Africa ulioanza 2012. Sampuli za Kampala hazikulazimika tena kungoja ukungu wa London upungue.

La tano, na ambalo husahaulika zaidi, matokeo yarudi. Mtafiti aliyechukua sampuli Lamu arudi Lamu, akae barazani, aseme alichokiona, hata kama hakuona kitu. Anayechukua na kutorudi huacha kijiji kikijaza pengo kwa uvumi.

Wapo watakaosema kwamba haya yatachelewesha utafiti. Huenda yakauchelewesha kidogo. Lakini agizo la mahakama la Desemba 2025 limeonyesha kinachochelewesha zaidi. Sehemu ya mkataba uliotiwa saini kwa fahari ng'ambo ya bahari ilisimamishwa siku chache baadaye, si kwa sababu Wakenya wanachukia tiba, bali kwa sababu hawakuulizwa mapema.

Niliporudi Shela mara ya mwisho, nilimweleza mama yule niliyoyapata: kwamba huenda kinyama chake kingalipo, ndani ya nta, kikiwa na namba, katika rafu ya maabara, na kwamba huenda kikasaidia siku moja kumtibu mjukuu wa mtu. Alinyamaza kwa muda akitazama bahari.

“Basi wangeniambia,” alisema. “Ningewapa.”